Fundi wa Mto wa Mbu, asante sana kaka

Jamani namshukuru fundi mmoja wa Mto wa Mbu, jina sikuuliza na namba nayo nilisahau kuomba, akili haikuwepo. Tulikuwa tunatoka Ngaresero, kule Ziwa Natron, na Hilux yangu, ile njia ya Engaruka si mnaijua, makorongo, mawe, vumbi mpaka masikioni, nikasikia kaa! huko nyuma, kuchungulia jani kuu la springi, lile bapa refu la chuma, limekatika na shokapu moja inavuja oili kama imekojoa.

Fundi huyo akanifuata na bodaboda huko huko porini, akafunga gogo hapo kwenye springi kwa mpira wa tyubu tukajikokota hadi gereji. Mi nilitaka abadilishe hilo jani tu niondoke, akagoma, "kaka utarudi wiki ijayo". Akaongeza jani moja kila upande, bushi (vile vipira vya kwenye maungio ya springi) na yubolti mpya (zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), shokapu nzito zaidi za nyuma, halafu akasisitiza nikishatembea kilomita 500 nizikaze tena yubolti. Mafundi wengi hawakwambii hilo. Hela ya kunifuata alikataa kabisa, nikamlazimisha soda akampa mtoto wake.

Yubolti nimekaza jana kaka, zilikuwa zimelegea kweli.