Salamu za Idd el-Fitri, na kadi iliyobaki katika mkebe wa Bibi

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, jamaa na marafiki, mwezi umeandama, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu tumejaaliwa kuifikia Idd el-Fitri. Ninawaombea nyote Idd yenye heri na baraka. Mola azitakabali funga zetu na zaka zetu, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia mbele ya haki, na atufikishe Ramadhani ijayo tukiwa wazima wa mwili na imani.

Mwaka huu haukuwa mwepesi. Sukari na mafuta ya kula vimepanda bei mpaka kaimati ikawa chakula cha Ijumaa tu, na najua nyumba ambazo mama mwenye nyumba alifuturu kwa uji mkavu ili watoto wapate tambi. Kwetu kuna pengo jingine. Bibi, mzaa mama, alifariki mwezi wa Rajabu, na hii ni Idd ya kwanza ambayo hatasimama mlangoni na chetezo chake alfajiri, akitufukiza udi mmoja mmoja kabla hatujakwenda kuswali.

Baada ya arobaini, Mama alifungua mkebe wa biskuti ambao Bibi aliufunika kwa kipande cha kisutu kwa miaka yote tunayoikumbuka. Mlikuwa na pete moja ya fedha, tasbihi iliyokatika uzi, na kadi ya TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kadi iliyoliwa na mende kwenye pembe moja, mihuri ya ada ikiwa bado inasomeka. Chini yake zilikuwapo kadi zake zote za mpiga kura, zimefungwa pamoja kwa uzi wa kushonea. Nilizishika mkononi nikalia, kwani nilikumbuka mambo aliyokuwa akinisimulia wakati tukichambua mchele, nami nikisikiliza kwa sikio moja.

Bibi alikuwa msichana wa lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, pale Kariakoo. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi, na chama, kilichokuwa kimezaliwa tarehe 7 Julai mwaka uliotangulia, hakikuwa na jibu la kutosheleza. Hapo ndipo Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma na mwanamke aliyesoma hadi darasa la nne tu, alipoanza kuzunguka katika vyama vya ngoma vya mji, akiwaendea viongozi wao wa kike na kuwaomba wawalete wenzao. Katika miezi michache walioandikishwa walihesabiwa kwa maelfu. Watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na siasa, na waume wengi waliogopa kupoteza kazi. Kwa hiyo kadi zilitembea ndani ya makanda na chini ya buibui, na michango ikatoka kwa wauza vitumbua na wapika pombe. Bibi alikuwa akisema kwamba siku hizo mwanamke asiyekuwa na kadi aliona haya kwenda arusini.

Lakini kuna jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kulitafakari. Wanawake hao walikijenga chama kilichodai kura, na kura yenyewe ilipokuja hawakupewa. Uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, ulikuwa ule wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Sheria haikusema kwamba mwanamke asipige kura. Iliweka sharti la elimu, kipato au cheo, na msichana wa chuo cha Kurani, ambaye shule ya serikali aliiona kwa nje tu, angevitoa wapi? Waingereza hawakuibuni hila hiyo kwa ajili yetu peke yetu. Kwao wenyewe, mwaka 1918, kura walipewa wanawake waliotimiza miaka 30 na wenye mali au waume wenye mali, na usawa na wanaume ukangoja hadi 1928.

Januari 1958, kule Tabora, TANU ilijadili kuususia uchaguzi huo, na Mwalimu Nyerere akawashawishi wajumbe washiriki. Historia inauita uamuzi wa busara, nami sipingi. Hata hivyo ni wakina Bibi walioibeba gharama ya busara ile, kwa kuwafanyia kampeni wagombea ambao wao wenyewe hawakuruhusiwa kuwapigia kura. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa, naye Bibi akaenda kujiandikisha akiwa amevaa kanga mpya, akaambiwa bado hatoshi. Alirudi, akaendelea kukusanya ada.

Ng'ambo ya bahari, Unguja, uchaguzi wa 1957 ulikuwa wa wanaume peke yao, na wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza Januari 1961. Kwetu, mlango ulifunguka kwa watu wazima wote, bila kuulizwa shule wala mali, katika uchaguzi wa rais wa Novemba 1962. Bibi alikwenda akiwa na mimba ya Mama. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miaka saba.

Ndugu zangu, na hasa dada zangu na binti zangu, niwieni radhi nikisema kwa ukali kidogo siku ya furaha. Kila unapokaribia uchaguzi tunaona kanga zikigawiwa na kilo za sukari zikipelekwa majumbani, na katika mwaka wa njaa kama huu mtu anaweza kudhani kwamba hilo ni fungu lake. Tumefunga siku zote hizi tukijizuia hata na tone la maji lililo halali; basi tushindweje kujizuia na kilo moja ya sukari inayotolewa ili tunyamaze? Kura ni amana, na amana tutaulizwa. Tusimkabidhi mtu kadi zetu, hata akiwa mume au balozi wa nyumba kumi, tusiache kukagua majina yetu daftarini, na wale tuliowachagua tuwadai hesabu ya zahanati na maji baada ya uchaguzi, kama tunavyomdai muuza duka chenji yetu. Na wanaume, tuwaache mama zetu na wake zetu waende kwenye mikutano bila kuulizwa nani atapika.

Asubuhi baada ya sala tutapita makaburini, kisha tutarudi nyumbani. Mama amesema chetezo atakishika yeye, na mkono wa Idd wa watoto utatoka katika mkebe ule ule, ingawa ni shilingi chache. Kadi amezirudisha ndani, na uzi hakuukata. Sufuria ya pilau ni ndogo kuliko ya mwaka jana, lakini mlango uko wazi kwenu nyote, karibuni. Taqabbala Allahu minna wa minkum. Idd Mubarak.