Kamera kwanza, violezo baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja moja kwa wanaoendesha mafunzo ya muda mfupi ya uhariri wa video hapa Kigoma: mwanafunzi afundishwe kuiongoza kamera ya ndani ya programu, yaani kamera ya kubuni inayotazama picha zilizopangwa kwenye kompyuta, kabla hajakabidhiwa violezo, yaani video zilizokwisha kupangwa na wengine ambazo hubadilishwa maneno na picha tu.

Ninavyoona, vijana wengi wanaotoka katika mafunzo hayo hupakua kiolezo, hubadilisha majina ya bwana na bibi harusi, kisha hukabidhi kazi, na mambo huwaendea vizuri hadi mteja atakapotaka video ya wima ya kuweka WhatsApp. Hapo majina hukatika pembeni, kwa sababu mwendo wa kamera ulipangwa kwa fremu pana, na kijana hajui kamera hiyo imewekwa wapi, inatazama nini, wala lenzi yake ni ya milimita ngapi.

After Effects, programu ya kutengeneza picha na maandishi yenye mwendo, imekuwa na kamera na leya (tabaka za picha au maandishi) za pande tatu tangu toleo la 5 la mwaka 2001, kwa hiyo hatuzungumzii jambo geni. La kwanza la kuelewa ni kwamba kamera hiyo huathiri tu leya zilizowashiwa swichi ya pande tatu. Leya bapa haijali kamera inakwenda wapi, na wapo wanaoilaumu kompyuta kwa sababu hiyo. La pili ni kina. Leya zote zikipangwa katika umbali mmoja, hata kamera izungushwe vipi, picha itabaki bango. Zitenganishwe katika mhimili wa Z, yaani ule wa karibu na mbali, milima ya Kongo nyuma kabisa, kisha ziwa, mitumbwi, na maandishi mbele. Ndipo kamera ikisogezwa upande, vya karibu vitapita upesi na vya mbali vitajikokota, kama abiria wa treni anavyoona miti ya kando ya reli ikikimbia na vilima vya Uvinza vikimfuata taratibu. Leya iliyorudishwa nyuma huonekana ndogo, hivyo umbali wake kutoka kwenye kamera ukiwa maradufu, ukubwa wake nao ufikishwe asilimia 200 ili ionekane kama awali.

Panapodai subira zaidi ni tofauti kati ya kuisogeza kamera na kuvuta lenzi. Kuvuta lenzi hukuza kila kitu kwa kiwango kilekile, mtumbwi na mlima pamoja, ilhali kamera ikisogea mbele, mtumbwi hukua haraka, mlima hubadilika kidogo mno, na mtazamaji hujihisi ameingia ndani ya picha. Lenzi ya milimita 15 huzidisha kina hicho. Ya milimita 200 hubana vitu hadi vikaonekana kama vimegusana. Mwalimu asiyemfanyisha mwanafunzi majaribio yote mawili kwa picha ileile, kwa maoni yangu, hajafundisha kamera.

Ipo pia kamera yenye kitovu cha kutazama, ambayo huendelea kukielekea kitovu hicho popote inaposogezwa, na ikikipita hugeuka nyuma ghafla na kumchanganya anayejifunza. Dawa yake ni kuifunga kamera kwenye kitu tupu kisichoonekana katika video iliyokamilika, kisha kusogeza kitu hicho. Kulainisha mwanzo na mwisho wa mwendo si kazi ya siku nyingi. Ukungu wa lenzi, unaofifisha vitu vilivyo karibu au mbali kuliko kinacholengwa, uachwe mwisho kabisa, maana huzielemea kompyuta dhaifu, ambazo ndizo tulizo nazo wengi wetu.

Gharama isiwe kisingizio. Blender, programu nyingine yenye kamera ya namna hii, hupatikana bure kwa njia halali, kamera yake huanza na lenzi ya milimita 50, na kanuni za kina na lenzi nilizozieleza hufanya kazi humo vilevile. Napendekeza mtihani wa kuhitimu uwe huu: mwanafunzi apewe picha nne na jina moja, bila kiolezo chochote, atengeneze mwendo wa kamera wa sekunde 10 kwa fremu pana, kisha aurudie kwa fremu ya wima, na jina lisomeke lote katika video zote mbili.

Msomaji wako na mhariri wa video,
Mwanga, Kigoma.