Tangu nijiajiri mabosi wameongezeka

Mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama ni ndefu punguzeni mtakapo lakini pale kwenye habari ya mikopo msipaguse tafadhali.

Nimesoma makala yenu ya vijana na ujasiriamali, na maneno yale yale nishayasikia redioni, kwenye semina, kwenye status za watu, mpaka harusini siku hizi MC akishika maiki lazima awaambie maharusi wajiajiri. Kuajiriwa ni utumwa, jiajiri uwe huru, uwe bosi wako mwenyewe. Mie nauza urojo, ule mchuzi mzito wa manjano wa ndimu na embe, Jang'ombe, jioni, mbele ya nyumba, na kabla yake nilikuwa jikoni kwenye hoteli huko Nungwi, kwa hivyo pande zote mbili nazijua, na nasema hii habari ya kuwa bosi wako mwenyewe ina chumvi nyingi. Sisemi watu wasifanye biashara, wafanye, mie naifanya na siachi, ila wanachoahidiwa sicho wanachokikuta.

Na kwanza hilo neno utumwa wangeliacha. Hapa kwetu utumwa haukuwa mfano wa kuongelea, soko lilikuwa Mkunazini pale palipojengwa kanisa, likafungwa 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria mpaka 1897. Mtu anayelipwa mwisho wa mwezi na akichoka anaandika barua ya kuacha kazi si mtumwa jamani, tuheshimu mababu.

Haya, turudi kwa mabosi. Hotelini bosi wangu alikuwa mmoja, mkali, ndio, lakini mmoja, na zamu ikiisha napanda gari ya staff mpaka kesho. Saivi mwenye duka anayenikopesha unga na mafuta ni bosi, wa gesi bosi, mteja bosi, na yule mama wa ndimu kule sokoni Mwanakwerekwe ndo bosi mkubwa kuliko wote maana ndimu zikiadimika anapanga bei anayoitaka yeye na mie sina la kusema, urojo bila ndimu ni uji wa manjano. Umeme ukikatika friji nalo linageuka bosi, nakimbia huku na huku na kababu za watu. Na simu, simu ndo usiseme, mtu anakutumia ujumbe saa saba za usiku anauliza kesho upo, usipojibu asubuhi keshanuna.

Nieleze kidogo watu wajue, mana wengi wanaliona bakuli tu. Kunde za bajia naziroweka usiku, alfajiri nikimaliza kusali nazisugua zitoke maganda halafu zinasagwa. Mbatata zinachemshwa, nyengine za kukata kwenye urojo, nyengine za kuponda za kachori. Muhogo unaparwa mwembamba mwembamba ukaangwe chipsi. Nazi inakunwa ya chatne, pilipili inasagwa peke yake, embe mbichi zinachemshwa, unga unakorogwa na manjano taratibu usifanye madonge, halafu mishkaki. Nikikaa na bakuli langu la kwanza la mteja saa kumi jioni mie nishafanya kazi tangu asubuhi na hakuna aliyeniona.

Sasa bakuli nauza elfu mbili. Siku nzuri natoa mabakuli hamsini, yaani laki moja, na jirani akipita anahesabu kichwani, laki kwa siku, milioni tatu kwa mwezi, huyu mwanamke anamshinda mwalimu wa skuli! Toa mbatata, toa mafuta, unga, kunde, nazi, ndimu, nyama, gesi, mkaa wa mishkaki, toa msichana anayenisaidia, toa vile vilivyobaki ambavyo kesho haviuziki tunakula wenyewe, inabaki elfu ishirini na tano, siku nyengine thelathini, siku ya mvua usiulize. Na hiyo ndo mshahara wangu wa kuanzia alfajiri mpaka saa nne usiku. Nikijilipa kama hoteli ilivyokuwa ikimlipa mpishi kwa masaa hayo hayo, biashara yenyewe faida yake haijazi kiganja. Hili halisemwi kwenye semina. Wanafundisha mauzo, wanafundisha kutabasamu na kupiga picha nzuri za Instagram, hawafundishi kwamba mwenye biashara naye ni mfanyakazi wa biashara ile na anatakiwa awemo kwenye hesabu.

Kila mwenye bakuli la urojo anaambiwa habari ya Bakhresa, yule tajiri wa Azam. Kweli kazaliwa hapa Unguja, na husimuliwa aliacha skuli mdogo akaanza kwa kuuza mbatata, Mungu amzidishie. Lakini waliouza mbatata miaka ile walikuwa wengi, na mie nawajua waliozeeka nazo wakasomesha watoto wakajenga vyumba viwili Magomeni na hakuna anayewaita kwenye kongamano, na sioni kwa nini wao wasihesabiwe kuwa wamefanikiwa.

Mie kwangu uhuru kwenye biashara ni kuweza kusema hapana. Basi. Kuna mwenye gesti moja alinijia anataka nimpelekee bajia na kachori kila siku asubuhi, nyingi, na malipo baada ya miezi miwili. Watu wote wakaniambia nimepata tenda. Nikakataa, na sababu niliweza kukataa ni kwamba nilikuwa nishapokea mchezo wangu, zile hela tunazochangishana na kupokea kwa zamu, kwa kijumbe anayezikusanya, na hela ipo ndani, sikuwa na shida ya kukubali kila kitu. Bila ile hela ningesema ndio, ningenunua mafuta kwa mkopo nimkaange bajia mtu asiyenilipa. Kwa hivyo ukiniuliza mtaji ni nini mie nitakwambia ni ile inayokuwezesha kumtazama mtu usoni ukamwambia sitaki.

Sasa njooni kwenye mikopo, hii ya riba kubwa inayoitwa kausha damu. Nina shoga yangu anauza madera na vitambaa mtandaoni, mchapakazi haswa, kila siku yupo laivu anazungusha dera mbele ya simu, ukimuona utasema huyu kashatoka. Marejesho yake ni Jumatano. Wanakaa kikundi, na mmoja akipungukiwa kikao hakifungwi, wanakaa pale pale na watoto mgongoni mpaka ipatikane, wanachangishana, wanatukanana, mtu anatoka kwenda kuweka rehani simu. Basi shoga yangu Jumanne anauza dera la elfu ishirini na tano kwa elfu kumi na nane, chini ya alilonunulia, ili Jumatano asiaibike. Na wateja wake washamjua! Hawanunui Jumatatu, wanasubiri Jumanne. Kwenye mtandao anaitwa bosi ledi na wafuasi anao, na mwenye biashara ile ni yule afisa mikopo anayekuja na daftari. Hapo riba tuliyokatazwa na dini, kwenye fomu imeandikwa ada ya huduma, tunasaini, hatusomi, mana ukisema usome nyuma yako foleni.

Vijana wa bodaboda ni hivyo hivyo. Pikipiki ya mkataba, kila siku hesabu ya mwenye chombo, uumwe usiumwe, mvua isinye inye, na ukichelewa chombo kinachukuliwa na ulizokwisha kutoa zimepotea. Kijana anaambiwa kajiajiri. Haya.

Na hili si jipya, ndo linalonishangaza. Someni habari za mashamba ya karafuu. Kulikuwa na watu wana mikarafuu kwa maelfu, Unguja na Pemba, majumba mjini, heshima, farasi, ukiwaona utasema hawa ndo wenye nchi. Karafuu zikishuka bei wanakopa, msimu haujafika wanakopa, harusi wanakopa, shamba linawekwa rehani, mpaka miaka ya 1930 bei ilipoanguka vibaya ikaonekana mashamba mengi mwenyewe ni mwenye shamba kwa jina tu na karatasi ziko kwa wakopeshaji, ikabidi serikali ya kikoloni 1934 ipitishe sheria kuzuia mashamba yasiishe yote kwa madeni. Mtu ana mikarafuu elfu na hawezi kusema hapana. Sasa uje unambie mie mtu kafanikiwa kwa sababu ya gari aliyopigia picha.

Upande wa pili kuna kina mama wa mwani, na hawa huwa nawafikiria sana maana ndugu zangu wapo Jambiani. Mwani wa biashara umeanza hapa 1989, huko huko pwani ya mashariki, Paje na Jambiani. Wanakwenda na bamvua, maji yakitoka wanaingia, wanafunga mbegu kwenye kamba moja moja, mgongo unakatika, jua, magamba ya chaza yanakata miguu, na kwa miaka mingi kampuni inayonunua mwani ndo inayowapa kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mbegu, ukishachukua kamba zake mwani unamuuzia yeye kwa bei yake. Cottonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, nayo maji yakipata moto inakufa, wamebaki na spinosum, aina ya bei ndogo. Ukipima kwa vipimo vya semina hawa hawajafanikiwa kitu. Lakini muulizeni mama wa Jambiani mwani umemfanyia nini, atakwambia kabla yake hata hela ya unifomu ya mtoto ilikuwa uombe, umsubiri mume arudi bahari, umuangalie kwanza uso wake ukoje. Mwani ukampa hela yake mwenyewe mkononi, ndogo lakini haina maelezo kwa mtu. Waume wengine mwanzoni walikasirika mana walijua kinachokuja. Na wale waliojiunga wakaanza kusaga mwani wenyewe wakatengeneza sabuni ndo wakapata hata nguvu ya kubishana bei. Huu ni uhuru ninaouelewa, hauna picha nzuri lakini upo.

Na mie sitaki nionekane naisifia kazi ya mshahara, la. Mwaka 2020 ndege ziliposimama kwa ajili ya corona hoteli ilitufungia, tukaambiwa nendeni nyumbani tutawaita, na wengine mpaka leo hawajaitwa. Ndo nilivyoanza urojo, sio kwa ndoto wala maono, kwa njaa. Nadhani wengi tunaojiajiri Zanzibar tumeanzia hapo, ila njaa haipandi jukwaani kuhutubia. Kwa hivyo mwenye kazi yake serikalini au hotelini asibebwe na maneno akaiacha kabla hajaweka kitu, akae nayo, auze vitu vyake jioni pembeni, aone kwanza. Huyo naye ni mfanyabiashara, na pengine huru kuliko mie mana ndimu zikipanda yeye hana hofu.

Nilichopata mie kwenye urojo ni vitu viwili vitatu. Mama alipoumwa Pemba nilifunga nikapanda boti nikakaa naye mpaka akapona, hotelini ningeomba ruhusa kwa msimamizi na msimamizi aombe kwa meneja. Maziko ya mtaani nakwenda. Ijumaa sifungui kabisa, na wateja walinilalamikia mwanzo wanasema Ijumaa ndo watu wengi, ni kweli ndo wengi, na hela ya Ijumaa naikosa kila wiki, naijua kiasi chake, sijidanganyi. Ila sina mkopo wa mtu wa daftari kwa hivyo naweza kuikosa. Shoga yangu wa madera hawezi.

Sasa ombi langu. Wakala wa Uwezeshaji, ZEEA, wanafanya mafunzo na ni jambo zuri, lakini waweke na siku moja nzima ya kusoma mkataba wa mkopo kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, na mtu aambiwe kwa shilingi jumla atarudisha ngapi, sio asilimia. Wawafundishe na hesabu ya kujilipa mshahara. Masheha, viongozi wa mitaa, nao wanajua vikundi vyote vya mtaani mwao, wanajua nani kachukuliwa friji kwa deni na nani kahama usiku, waulizwe, mana hao wenye madeni hawafiki kwenye semina kutoa ushuhuda.

Na nyie waandishi mkimhoji mfanyabiashara aliyefanikiwa acheni kumuuliza alianza na shilingi ngapi na leo ana magari mangapi. Muulizeni anadaiwa na nani. Muulizeni mara ya mwisho kufunga duka kwa hiari yake ilikuwa lini, na wafanyakazi wake wakiumwa wanalipwa au hawalipwi, maana kuna mtu uhuru wake wote umesimama juu ya mabega ya wasichana wanne anaowapa elfu tano kwa siku. Mkitaka kuanzia kwangu karibuni, yule msichana wangu naye mumuulize, ila njooni kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo nipo kwenye mafuta siongei na mtu.

Msomaji wenu, muuza urojo,
Jang'ombe, Unguja