Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu wa Kenya kuhusu muda wa amri za ulinzi na kufutwa kwake

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea hapa Pwani. Naandika kuhusu amri za ulinzi, yaani amri za mahakama za kumzuia mtu asimdhuru mwathiriwa, zinazotolewa chini ya Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, hasa kuhusu namna zinavyokoma.

Niliwahi kumsindikiza mama mmoja aliyeitunza amri yake ya muda, ile ya kungojea kesi isikizwe, ndani ya mfuko wa nailoni, ameifunga kwenye pindo la leso. Kesi iliahirishwa, na kwa kuwa karatasi ile ilitaja tarehe ya kwanza ya kusikizwa peke yake, askari aliyepelekewa malalamiko wiki iliyofuata aliigeuzageuza, kisha akasema imekwisha muda. Hilo lilikuwa dogo. Baada ya maslaha ya wazee, yaani usuluhishi wao nje ya mahakama, mama yule alirudi kuomba amri ifutwe, akiwa na barua yenye mwandiko wa shemeji yake, huku mavyaa amekaa benchi la nyuma amempakata mtoto. Aliulizwa swali moja tu, kama amekubali. Akageuka nyuma kwanza, ndipo akajibu ndiyo, na shauri likafungwa kabla sijafungua daftari langu.

Simlaumu hakimu, aliyekuwa na kesi nyingi asubuhi ile, wala sipingi mke na mume kupatana. Ninachohoji ni kuchukulia neno la mwathiriwa kuwa hiari yake bila kuuliza nani alimleta mahakamani. Bunge letu lilikwisha kuiona hatari hiyo katika makosa ya ngono, ndiyo maana kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 kiliuweka uamuzi wa kusimamisha mashtaka mikononi mwa Mwanasheria Mkuu. Nchini Afrika Kusini, sheria ya ukatili wa nyumbani ya mwaka 1998 inasema amri ya mwisho hudumu hadi mahakama iitengue, kukata rufaa peke yake hakuisimamishi, na mwathiriwa akiomba ifutwe, ni lazima mahakama iridhike kwamba ameomba kwa hiari yake.

Naomba utoe mwongozo kwa mahakimu kwamba mwombaji wa kufuta amri asikizwe faraghani bila jamaa wa upande wowote, na kwamba pale penye shaka afisa wa probesheni atembelee nyumba hiyo kabla ya uamuzi. Naomba pia kila kesi inapoahirishwa, muda wa amri uongezwe kwa maandishi juu ya karatasi yenyewe, na nakala ifike kituo cha polisi kilicho karibu na mwathiriwa siku hiyohiyo. Mahakama ya kesi za ukatili wa kijinsia iliyofunguliwa Shanzu mwaka 2022 ingefaa kuwa mahali pa kuanzia.

Wako mtiifu,
Msaidizi wa kisheria, Mombasa