Usingizi kwanza, vidonge baadaye

Mhariri,

Shule zinapokaribia kufunguliwa, wazazi huanza kuulizana ni dawa gani ya asili itakayompa mtoto kinga na umakini darasani. Naomba nafasi niseme neno, maana jambo hili linanigusa sana.

Tiba ya asili ninayoiamini kuliko zote ni usingizi, na hauuzwi popote. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Likizo huvuruga yote haya, na mtoto aliyezoea kukesha hawezi kubadilika kwa usiku mmoja. Aanze wiki moja au mbili mapema: leo alale robo saa kabla ya muda aliouzoea, baada ya siku chache robo nyingine. Simu ikae nje ya chumba. Akiamka atoke nje, kwani mwanga wa asubuhi husaidia kurekebisha saa ya mwili.

Kuhusu mitishamba na vidonge vya vitamini, nawasihi wazazi wenzangu: si kila cha asili ni salama. Vidonge vya madini chuma vikizidi vinaweza kumuua mtoto mdogo, na baadhi ya mitishamba huingiliana vibaya na dawa za hospitali. Muulizeni daktari au mfamasia kwanza.

Na tumbo likimuuma kila asubuhi ya shule, daktari asione ugonjwa, msikimbilie chupa nyingine ya dawa. Kaeni naye, mumuulize taratibu anaogopa nini huko.

Mzazi