Anayewachagua wanafunzi wa uzamivu wa uchumi huchagua pia maswali yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie makala mliyoichapa hivi karibuni kuwatambulisha wanafunzi wa shahada ya uzamivu katika uchumi, ambamo kila mmoja alipewa picha, mistari miwili ya elimu aliyoipata awali na mstari mmoja wa mambo anayopenda kuyatafiti. Nimefundisha uchumi katika ngazi hiyo kwa miaka mingi na nimekaa katika kamati za udahili zaidi ya mara kumi, kwa hiyo makala ya namna hiyo huitazama kama fundi cherehani anavyotazama nguo iliyoshonwa na mwenzake: naigeuza kwanza nione mishono.

Karibu wote mliowataja walitoka katika shahada ya kwanza ya uchumi, hisabati au takwimu, na wawili walipitia uhandisi. Hapakuwa na hata mmoja aliyetajwa kuwa amewahi kufanya kazi nje ya chuo, ukiacha usaidizi wa utafiti chini ya profesa. Ulipofika mstari wa mambo wanayoyatafiti, wote waliandika majina ya matawi: uchumi wa kazi, uchumi wa maendeleo, uchumi wa afya, uchumi wa fedha. Mwandishi wenu aliyachukulia mambo hayo mawili, yaani alikotoka mwanafunzi na anachokitafiti, kama taarifa mbili zilizowekwa jirani kwa ajili ya kujaza fomu. Kwangu mimi ni taarifa moja. Swali la utafiti mtu huja nalo kutoka alikopita, na kamati inayoamua nani aingie huwa inaamua vilevile, pasipo kujua, ni maswali gani yatakayoulizwa katika fani hii kwa miaka thelathini ijayo.

Niwatendee haki kwanza wanaosisitiza hisabati, maana nami ni mmoja wao. Mwaka wa kwanza wa uzamivu wa uchumi, katika vyuo vinavyofuata mtindo wa Marekani, hujengwa juu ya masomo matatu makubwa: nadharia ya maamuzi ya watu na kampuni, nadharia ya mwenendo wa uchumi wa nchi nzima, na ekonometria, yaani upimaji wa mahusiano ya kiuchumi kwa takwimu. Baada ya hapo huja mitihani ya kufuzu, ambayo anayeishindwa mara ya pili kwa kawaida hufunga virago. Mwanafunzi asiyejua kusoma matriki, yaani majedwali ya namba, au anayeingiwa na hofu kila aambiwapo "thibitisha", huanza kuzama wiki ya tatu. Nimewaona wakizama, na sioni huruma yoyote katika kumkaribisha mtu kwenye kina kirefu ilhali unajua hajafundishwa kuogelea. Ndiyo maana kamati hupenda kuona aljebra ya matriki, kalkulasi ya vigeu vingi, nadharia ya uwezekano, na lile somo gumu la uthibitisho ambalo wanahisabati huliita uchanganuzi halisi. Hili la mwisho, tuseme ukweli, wanauchumi wengi hawaligusi tena baada ya mitihani. Tunalitafuta kwenye nakala ya matokeo kwa sababu linatuonyesha nani ana uvumilivu.

Njia ya kufika mlangoni nayo hutofautiana. Katika nchi nyingi za Ulaya hupitiwa kwanza shahada ya uzamili, wakati Marekani mtu aweza kuingia akiwa na shahada ya kwanza tu, ingawa siku hizi wengi hutumia mwaka mmoja au miwili wakiwa wasaidizi wa utafiti kabla ya kuomba. Usaidizi huo huwanoa vijana katika kusafisha data na kuandika programu, na mimi nimefaidika nao nikiwa profesa. Ubaya wake ni kwamba kijana huzoea kuuliza anayoyauliza bwana mkubwa kabla hajapata wasaa wa kujiuliza lake.

Historia ya fani yenyewe haiupi mlango mwembamba ushahidi mzuri. Tuzo ya Nobel ya uchumi ilipotolewa mara ya kwanza, mwaka 1969, mmoja wa wawili walioipata alikuwa Jan Tinbergen wa Uholanzi, ambaye uzamivu wake wa mwaka 1929 katika Chuo Kikuu cha Leiden ulikuwa wa fizikia. Herbert Simon, aliyeipata mwaka 1978, alisomea sayansi ya siasa. Daniel Kahneman, wa mwaka 2002, alikuwa mwanasaikolojia. Mtu aweza kunijibu kwamba Tinbergen hakupungukiwa hisabati, na atakuwa sahihi. Lakini mtazame Arthur Lewis, aliyezaliwa Saint Lucia mwaka 1915. Alitamani uhandisi, akauacha kwa kuwa si serikali ya kikoloni wala makampuni ya Wazungu yaliyokuwa tayari kumwajiri mhandisi mweusi. Akasomea biashara katika London School of Economics, akapata uzamivu wake hapohapo mwaka 1940, na mwaka 1954 akachapisha makala yake mashuhuri kuhusu uchumi wenye nguvukazi tele, akieleza kwa nini ujira viwandani waweza kubaki chini muda mrefu maadamu nyuma ya kila mfanyakazi kuna wengine wengi wanaosubiri nafasi. Sishangai kwamba aliyelishikilia swali hilo ni mtu aliyekulia katika kisiwa cha mashamba ya miwa.

Elinor Ostrom ndiye anayenikosesha usingizi. Alipotaka kusomea uzamivu wa uchumi huko UCLA, Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alikataliwa kwa kukosa msingi wa hisabati, na msingi huo aliukosa kwa sababu shuleni, akiwa msichana, alishauriwa asisome trigonometria. Akaenda sayansi ya siasa. Tasnifu yake ya mwaka 1965 ilihusu maji ya chini ya ardhi kusini mwa California, mahali ambapo kila mwenye pampu alikuwa akivuta maji kadiri awezavyo huku maji ya bahari yakinyemelea kisima cha wote, na ambapo wahusika hatimaye waliketi wakajitungia kanuni. Je, watu wanaotumia mali moja waweza kuitunza bila kusubiri amri ya serikali na bila kuikatakata vipande vya watu binafsi? Sijui swali la kiuchumi kuliko hilo. Lilirudi nyumbani miaka 44 baadaye, mwaka 2009, Ostrom alipokuwa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, na nakumbuka wapo wenzangu waliouliza siku hiyo, "Huyu ni nani?"

Wengine walivuka mlango wa kuingilia wakakuta wa kutokea umefungwa. Sadie Tanner Mossell Alexander alipata uzamivu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1921, Mmarekani mweusi wa kwanza kufika hapo, kwa tasnifu iliyochunguza hali ya maisha ya familia 100 za wahamiaji weusi mjini Philadelphia. Kazi ya kumfaa mwanauchumi hakuipata. Akarudi darasani kusomea sheria. Ni maswali mangapi kuhusu familia zile yalikwenda naye mahakamani, hilo halihesabiki. Kwa upande mwingine yupo Michael Kremer, aliyefundisha sekondari magharibi mwa Kenya kabla ya kuanza uzamivu, kisha miaka ya baadaye akafanya utafiti na Edward Miguel katika shule 75 za msingi za eneo hilohilo, wakapima namna dawa za minyoo zinavyobadili mahudhurio ya watoto. Aligawana Nobel ya mwaka 2019 na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, na Duflo, ambaye hisabati haimpigi chenga, alianzia kwenye historia.

Sasa nieleze nililoliona mwenyewe. Katika chuo ambacho sitakitaja tulikuwa watu watano mezani, na mafaili zaidi ya mia mbili kwa nafasi kumi na mbili. Kila faili lilikuwa na karatasi ya alama yenye safu sita, ya kwanza ikiwa ya hisabati. Likaja faili la muuguzi wa miaka minane kliniki, aliyekuwa akijisomea uchumi jioni hadi akapata shahada ya pili. Aliandika katika barua yake kwamba wagonjwa wao wa shinikizo la damu walikuwa wakipotea wiki ya tano, vidonge vya mwezi wa kwanza vinapokwisha, ingawa vidonge vilikuwa vya bure. Aliwafuata baadhi yao akawauliza. Wakamwambia foleni inamaliza siku, na siku ndiyo ujira. Basi akaanza kuandika kwenye daftari saa ya kila mgonjwa kuingia na saa ya kutoka, pamoja na kazi anayoifanya, akaona kwamba wengi wa wanaorudi ni wale ambao kukosa siku moja hakuwapunguzii mshahara. Neno "gharama mbadala", yaani thamani ya kile unachokikosa unapochagua kingine, ambalo wanafunzi wetu hulikariri muhula wa kwanza, halikuwamo popote katika barua ile. Mwenyewe alikuwa ameshaipima kwa saa ya ukutani. Tukafungua nakala ya matokeo. Kalkulasi ya vigeu vingi hapakuwa. Faili halikukaa mezani dakika tano.

Mstari wa "mambo ninayoyatafiti" nao una kasoro hiyohiyo. Jumuiya ya wanauchumi ya Marekani ina mfumo wa kuainisha maandishi kwa herufi, ambamo J ni kazi na idadi ya watu, O ni maendeleo, Q ni kilimo na mazingira, na wanafunzi wamezoea kujieleza kwa herufi hizo kana kwamba ni makabila. Herufi zinamfaa anayepanga majarida. Mwanafunzi wangu mmoja aliyejitambulisha kwa "uchumi wa kazi" nilimwomba anieleze kazi aliyowahi kuifanya, akasema alikuwa karani wa kupanga zamu kiwandani, na kwamba waliokuwa na watoto wadogo walikuwa tayari kuchukua zamu yenye malipo duni mradi waruhusiwe kuichagua. Nikamwambia aandike hilo. Akaandika: "Natafuta kujua mzazi hukubali kupoteza kiasi gani cha ujira ili aweze kujipangia saa zake." Sentensi hiyo unaweza kuitafutia data kesho asubuhi, na ndiyo iliyozaa makala ya pili kati ya makala tatu za tasnifu yake.

Siombi kiwango cha hisabati kishushwe. Idara nyingi tayari huendesha kozi ya hisabati ya wiki chache kabla ya muhula wa kwanza. Ifanywe mwaka mzima kwa waombaji wachache wenye swali zito na msingi mwepesi, kwa kuwa kalkulasi hufundishika kwa miezi, wakati miaka minane ya kliniki hakuna idara inayoweza kuifundisha. Barua ya mwombaji isomwe kabla ya nakala ya matokeo, jambo ambalo halina gharama yoyote. Nanyi mtakaporudi kuwatambulisha wanafunzi hawa, mwulizeni kila mmoja alikiona wapi kwa mara ya kwanza kitu anachokichunguza, na mlichape jibu lake hata likiwa "sijakiona".

Muuguzi yule tulimjibu kwa mistari mitatu, tukimshukuru kwa kuomba na kumtakia mafanikio kwingineko. Mezani sikusema neno, na sahihi iliyo chini ya barua hiyo ni yangu.

Wako mtiifu,
Mhadhiri mstaafu wa uchumi