Misemo ya tasnifu: kila fani na orodha yake

Ndugu Mhariri,

Karatasi za "misemo ya kitaaluma" wanazozungushiana wanafunzi wanaoandika tasnifu kwa Kiswahili zina kasoro moja kubwa: orodha ni ileile kwa fani zote. Mwanaisimu Ken Hyland alichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa matini za Kiingereza za biolojia, uhandisi wa umeme, isimu tumizi na biashara, akaonyesha kuwa kila fani ina mafungu ya maneno (maneno yanayofuatana vilevile mara kwa mara) inayoyapenda. Kwetu nako mhakiki wa riwaya huandika "mwandishi anatuonyesha kuwa". Mwanaisimu huandika "kama inavyoonekana katika mfano wa". Ukimpa mmoja karatasi ya mwenzake, unamharibia kazi.

Anayetaka kuandaa orodha ya fani yake anaweza kutumia AntConc, programu ya bure ya kompyuta inayotafuta na kuhesabu maneno katika matini. Hifadhi tasnifu kama matini ghafi (faili la .txt), kisha ondoa kurasa za mwanzo, marejeleo na vichwa vya kurasa. Usipoviondoa, jina la chuo ndilo litakaloongoza orodha.

Ugumu unaanza kwenye kuhesabu. Watafiti wa Kiingereza wengi huchukua maneno manne manne. Kwa Kiswahili anza na matatu, maana "inavyoonekana" peke yake imebeba mzigo wa maneno kadhaa. Halafu kuna upatanisho wa kisarufi: inavyoonekana, yanavyoonekana, zinavyoonekana. Kompyuta huyahesabu kama mafungu tofauti, na fungu lililozoeleka sana linaweza kuachwa nje kwa sababu kura zake zimegawanyika. Tafuta "kama *navyoonekana katika", nyota ikishika nafasi ya kiambishi, kisha jumlisha. Tahajia nayo inagawa vivyo hivyo (onesha na onyesha, tusigombane hapa), kwa hiyo chagua moja kabla ya kuhesabu.

Kigezo cha kuingiza kwenye orodha fungu linaloonekana walau mara 20 kwa kila maneno milioni kisiwahadae wenye mkusanyiko mdogo wa matini. Katika maneno 200,000 hizo ni mara 4 tu, na mwandishi mmoja mwenye mazoea yake anaweza kuzifikisha peke yake. Dai fungu lionekane walau katika tasnifu tano za waandishi tofauti.

Wasimamizi nao wakumbuke kuwa programu za kukagua wizi wa kitaaluma huweza kuyapaka rangi mafungu haya kana kwamba yamenakiliwa. Weka mpangilio wa kupuuza mfanano wa maneno machache kabla ya kumwita mwanafunzi ofisini.

Msomaji wako,
Dodoma